Hotuba ya Kuzindua Maabara ya Damu ya Bata

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati ya Kumpokea Mgeni Rasmi, pamoja na Makamu wako, na Makamu wa Makamu wako ambaye namwona kule mlangoni akihangaika kutafuta kiti, mpisheni jamani, huyo ni mtu mzito. Ndugu Mkurugenzi wa Ardhioevu, Matete na Masuala Mtambuka. Mwenyekiti wa Chama cha Wawindaji, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ambaye sote tunamwita Shabaha, na mkono wake haujapata hata siku moja kulitia jina hilo aibu. Daktari wa ndege, binti yetu msomi, uliyepewa dakika mbili za kusema ukazitumia kutuharibia hamu ya kula. Viongozi wa dini zote zilizosajiliwa na zile ambazo faili zake bado ziko mezani kwangu. Mama watoto wangu, mstari wa mbele, mwenye kilemba cha kijani. Kitindamimba wangu, malkia wa nyumba, uliyejiegemeza begani kwa mama yako kana kwamba hotuba imekwisha kabla haijaanza. Wakazi wa kando ya bwawa. Waandishi wa habari, wenye kamera na wenye njaa. Mabibi na mabwana, hamjambo?

(Hatujambo. Makofi ya mstari wa mbele.)

Nimesema, hamjambo?

(Hatujambo! Makofi ya mistari miwili ya mbele.)

Hapo sawa. Wenzangu siku hizi wakifika kwenye kipaza sauti husema itifaki imezingatiwa, basi, wakarukia hoja. Mimi huo nauita uvivu. Mtu ametoka kwake, amepiga pasi shati, amekuja kusikia cheo chake kikitajwa, halafu umrukie? Kwa hiyo nitakuwa narudi kwenye orodha kila nikikumbuka mtu, na anayejiona amesahauliwa ainue mkono, isipokuwa Daktari wa ndege, ambaye naona ameshainua wake na yeye nimekwisha kumtaja.

(Kicheko. Daktari wa ndege anashusha mkono.)

Ndugu zangu, leo ni siku ambayo historia itaiandika kwa wino mzito. Leo tunazindua Maabara ya Kupima Damu ya Bata, ambayo ndiyo moyo, ini na figo la ule mradi wetu mkubwa unaoitwa Mradi Jumuishi, Shirikishi, Mtambuka na Endelevu wa Kuwakinga Ndege wa Ardhioevu dhidi ya Sumu ya Madini ya Risasi Itokanayo na Shughuli za Uwindaji, kwa kifupi MJUSHIMTAENDEKUNDARI. Najua kifupi chenyewe ni kirefu. Kamati ilikwenda kukaa hotelini, kando ya bwawa la kuogelea, kwa madhumuni ya kukifupisha, na ilipotoka kilikuwa kimeongezeka silabi mbili. Huo ndio ushirikishwaji.

(Makofi. Mkurugenzi wa Ardhioevu anainuka, anainama, anakaa.)

Sasa, kwa faida ya wananchi wa kawaida, niyatafsiri yale aliyoyasema Daktari, maana yeye alisema kisomi. Bata, ndugu zangu, hana meno.

(Kicheko kikubwa.)

Msicheke, hiyo ni data. Hana meno, kwa hiyo anameza changarawe, changarawe zinakaa kwenye firigisi, firigisi ndiyo kinu chake cha kusagia chakula. Mungu fundi. Sasa mwindaji akifyatua bunduki yake, kwenye mlio mmoja yanatoka marisau chungu nzima, vijipunje vidogo vya risasi kama mbegu za mpapai. Viwili vitatu vinampata bata aliyekusudiwa. Vilivyobaki vinadondoka majini, vinazama topeni, vinatulia. Anakuja bata mwingine, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, anatafuta changarawe zake, anaokota marisau, anameza. Firigisi inayasaga, sumu inaingia kwenye damu, na bata wa watu analegea mabawa, hataki kula, anakonda, anazubaa kama mtu aliyeitwa kwenye kikao bila posho, mwisho anajifia kwenye matete. Na yeyote atakayemla huyo bata, awe tai, awe paka, awe mimi na wewe, sumu hiyo inahamia kwake kidogo kidogo. Hayo ni maneno ya Daktari. Mimi nimeyatoa ukali tu.

(Minong'ono kutoka kwa wakazi wa kando ya bwawa.)

Tulieni, tulieni. Mnafikiri serikali ililala? Serikali haikulala. Tuliunda kamati. Kamati ikaunda kikosi kazi. Kikosi kazi kikafanya upembuzi yakinifu, kikaandaa rodimapu, kikaainisha autikamu na impakti, kikaendesha warsha ya kuwajengea uwezo wale watakaoendesha semina, na semina ikatoa azimio kwamba kuna haja ya warsha. Mimi mwenyewe nilifungua zote na kuzifunga zote. Kuna siku nilifungua asubuhi na kufunga asubuhi hiyo hiyo, ili wajumbe wawahi shughuli nyingine za kujenga taifa.

Na matokeo tumeyaona. Kwanza, kubadilisha marisau. Tulisema mwindaji alete marisau yake ya risasi, apewe ya chuma, yasiyo na sumu, bure, bila foleni. Hadi ninavyosimama hapa, asilimia mia moja na kumi na nne ya wawindaji wamefikiwa.

(Mtu mmoja nyuma: “Hizo kumi na nne ni akina nani?”)

Ni wale waliofikiwa mara mbili, kaka yangu, kaa chini. Shabaha, mwenyekiti wao, yupo hapa, ni shahidi.

(Shabaha anaangalia dari.)

Pili, na hapa naomba waandishi mnoe kalamu, ni takwimu za ndege wenyewe. Kabla ya mradi, mtu akisogea ukingoni mwa bwawa, ndege wote walikuwa wanaruka kwa dharau, fyuu, wanakuachia maji matupu. Mtakwimu wetu alikuwa anahesabu moja, mbili, tatu, wameondoka. Leo hii mtakwimu huyo huyo anatembea katikati yao, anawagusa vichwa kimoja kimoja kama mwalimu anayeita mahudhurio, na hakuna anayenyanyuka. Ndege wametulia! Na kubwa zaidi ni hawa wahamaji, ambao kila msimu walikuwa wanatukimbia kwenda nchi za watu, na mayai yao, na utalii wao. Mwaka huu asilimia sitini na saba nukta tatu hawakuondoka. Wamekaa. Mhamaji hahami! Nawaulizeni, wamekaa kwa sababu gani? Wameiona sera.

(Makofi mazito meza kuu. Daktari wa ndege anasimama: “Mheshimiwa, hawawezi kuruka!”)

Binti yangu, maswali yatapokelewa kwa maandishi. Vijana hawa, wakishasoma kidogo, wanaona ugonjwa kila mahali. Nimesikia huko nyuma anawaambia waandishi kwamba ndege hawa wamelegea. Mimi nasema wametulia. Tofauti kati ya kulegea na kutulia ni uzalendo tu. Na tena huyu Daktari ametuletea ushahidi wake hapa, ndani ya tenga, hebu mnyanyueni mumweke mezani wananchi wamwone. Mnamwona? Bata mwitu kamili, mzima, anatazama umati na wala hana hofu. Tazameni mabawa yake alivyoyashusha hadi mezani. Ndugu zangu, mimi nimesalimiwa na watu wengi katika utumishi wangu, lakini kusujudiwa na bata ni mara ya kwanza.

(Kicheko meza kuu. Mama mmoja wa kando ya bwawa: “Ala! Huyo anakata roho, Mheshimiwa!”)

Mama, kila mmoja ana tafsiri yake. Mrudisheni tengani, anachoka na kamera.

Tatu, sasa ndiyo maabara yenyewe. Mnaona mlango huu kushoto kwangu, wenye utepe mwekundu? Nyuma ya mlango huu kuna teknolojia ambayo majirani zetu wanaiota usiku. Kuna mashine. Mashine hiyo unaipa tone moja la damu, tone tu, kama la kuumwa na mbu, na kabla hujamaliza kupenga kamasi imekutajia risasi iliyomo. Inapima bata, inapima korongo, na kwa ubora wake inapima hata binadamu. Iko moja tu katika eneo letu zima. Mtakumbuka kwamba hospitali yetu ya wilaya nayo iliomba inunuliwe ya kwake. Ombi lilifika mezani kwangu, nikalifuta kwa mkono wangu huu. Kwa nini? Kuepuka urudufu. Mashine mbili za nini, wakati yetu ipo hapa, mwendo wa kutupa jiwe, imekaa tayari inasubiri damu? Huko ndiko kubana matumizi.

(Makofi. Mkurugenzi wa Ardhioevu hapigi, anafuta miwani.)

Na msidhani mimi ni kiongozi wa kusema bwawa, bwawa, halafu nyumbani nala kuku wa dukani. Hapana. Bwawa hili linafika hadi mezani kwangu. Huyu ndugu yangu Shabaha, Mungu amzidishie, hapitishi wiki bila kuniletea bata wawili watatu, wa asubuhi ile ile, bado wana joto. Ndiyo harufu mnayoisikia hapo nyuma ya ukumbi, leo kaleta tenga zima kwa ajili yenu. Na nyumbani kwangu kuna sheria moja ambayo hata mimi siivunji: firigisi ni za kitindamimba. Simama, mama, wakuone. Haya, basi kaa, naona leo mheshimiwa hana nguvu.

(Msichana wa kama miaka saba anajaribu kusimama, anarudi begani kwa mama yake.)

Huyu akisikia harufu ya firigisi anaacha mdoli wake chini. Na jasiri! Watoto wengine wakiuma kitu kigumu wanatema. Huyu akikuta kijipunje cheusi humo ndani, ananionyesha kwenye ncha ya ulimi, “Baba, nimepata!” halafu anameza. Sote mezani tunakufa kwa kicheko. Nikamwambia mama yake, huyu atakuwa mwanajeshi.

(Daktari wa ndege amesimama tena. Mama wa mtoto amegeuka kumtazama.)

Mbona ukumbi umepoa? Mafundi, kipaza sauti kinasikika? Kinasikika. Basi. Nilikuwa nasema, familia. Changamoto za familia sote tunazo. Miezi hii michache huyu kitindamimba amenisumbua: leo tumbo linauma, kesho hataki chakula, keshokutwa amenuna hata salamu haitikii. Mwalimu wake kaniita, ati zamani alikuwa anasoma kama kasuku, sasa anasahau hata herufi alizojua. Nikamwambia mwalimu, tatizo naliona, ni hizi simu. Nikamnyang'anya simu. Bado. Nikasema basi ni minyoo, akapewa dawa ya minyoo. Bado. Nikamwambia Shabaha, ndugu yangu, mtoto amekonda, ongeza bata.

(Daktari wa ndege anatoka kwenye safu yake, anapita mbele ya meza kuu bila kuomba radhi, anachuchumaa mbele ya mama na mtoto.)

Binti yangu, unapita mbele ya kamera. Haidhuru. Ratiba inasema tufike kwenye utepe, na kwa heshima ya kizazi kijacho nimeelekeza kwamba mkasi wa kuukatia niletewe na kitindamimba wangu mwenyewe. Haya, mama, njoo. Mkasi huo hapo kwenye sinia. Njoo polepole, usikimbie.

(Hakimbii. Anachukua mkasi. Mkasi unaanguka. Anauokota kwa mikono miwili. Unaanguka tena. Kiganja kimening'inia.)

Mkasi una mafuta huo! Nani kaupaka mafuta? Usilie, malkia, hakuna aliyekasirika, baba hajakasirika.

(Daktari wa ndege, kwa sauti ya kawaida, lakini kipaza sauti kinaidaka: “Mama, mimi ni daktari wa ndege, si wa watoto, naweza nikakosea. Lakini apimwe damu. Leo, si kesho.”)

Jamani, jamani. Tusichanganye mambo. Hii ni shughuli ya kitaifa.

(Mama anasimama. Kilemba cha kijani kimelegea, hakirekebishi. Hamtazami mumewe, anamtazama Shabaha. “Shemeji, hebu nijibu mbele za watu. Wale bata unaotuletea, unawapiga kwa marisau gani?”)

Mama watoto, hilo ni swali zuri sana, na Mwenyekiti atalijibu katika kikao cha...

(Shabaha: “Yale yale ya siku zote, shemeji. Haya ya chuma mimi nayasikia leo kwenye hicho kipaza sauti, kama wewe. Wallahi sikujua. Mngeniambia mapema nisingekanyaga kwenu na bata hata mmoja.” Minong'ono ukumbi mzima.)

Itifaki! Itifaki, ndugu zangu! Mwenyekiti ana maana kwamba usambazaji uko katika awamu ya... Ile asilimia mia moja na kumi na nne ni ya kufikiwa kwa ujumbe, si kufikiwa kwa marisau. Ujumbe uliwafikia. Shabaha, ulipata ujumbe?

(Shabaha: “Ujumbe gani?”)

Basi. Tusonge mbele.

(Mama: “Baba watoto, fungua huo mlango.”)

Mama, kaa kwanza. Utepe una taratibu zake. Kuna dua, kuna kufunua kibao, kuna picha ya pamoja, kuna neno la shukrani la Makamu wa Makamu, ambaye ameliandaa tangu juzi.

(Mama: “Umesema mashine ipo humo. Umesema tone moja tu, inapima hata binadamu. Mtoto wako huyu hapa, damu anayo. Fungua.”)

Ni mashine nyeti, mama. Inahitaji kupata moto kwanza. Inahitaji mtaalamu. Halafu ufunguo, nani ana ufunguo? Mkurugenzi, ufunguo uko kwako?

(Mkurugenzi wa Ardhioevu: “Kwangu hapana, Mheshimiwa. Uko kwa mfagizi.”)

Kwa mfagizi. Mmesikia, ndugu wananchi, uwazi wa shughuli zetu, hata mfagizi tunamwamini na maabara. Kwa hiyo tumsubiri mfagizi, na wakati tukimsubiri naomba nirudi kwenye orodha, maana sikumtaja Katibu wa Kamati Ndogo ya...

(Mama anachukua mkasi sakafuni, anakata utepe, anasukuma mlango kwa bega. Mlango haukuwa umefungwa. Watu wanasimama juu ya viti ili waone. Ndani: viti vibovu vimerundikwa hadi darini, ndoo ya kupigia deki, fagio mbili, na bango la kuzindua mradi mwingine, lina picha ya Mheshimiwa huyu huyu, amenenepa kidogo zaidi.)

Tulieni. Nimesema tulieni! Shukeni kwenye viti, ni mali ya umma hivyo. Hicho mnachokiona, kwa wasio na taaluma, mnaweza mkadhani ni stoo. Kwa lugha ya kitaalamu hiyo ni maabara iliyo katika hatua ya kifikra. Maabara zote duniani zilianza hivyo. Kwanza fikra, halafu chumba, halafu... mama watoto, hiyo ndoo ni ya muda tu.

(Mama ametoka chumbani. Anampa Daktari mkoba wake, anainama, mtoto anapanda mgongoni. Daktari anamwambia: “Hospitali ya hapa hawana hiyo mashine, walinyimwa. Itabidi muende hospitali kuu, ni mwendo wa kutwa nzima. Nitawapigia simu muwakute tayari.” Mama: “Asante, mwanangu.” Watu wanawapisha.)

Walinyimwa ni neno kali. Lilifutwa ombi. Nililifuta... ilifanyika tathmini. Ndugu wananchi, tusitoke kwenye mstari. Tumekuja hapa kwa furaha. Ratiba inasema sasa ni kaulimbiu. Nikisema bata salama, mnaitikia taifa salama. Bata salama!

(Watu wanatazama mlango walikotokea mama na mtoto.)

Bata salama!

(Mama wa kando ya bwawa: “Mheshimiwa, mfuate mwanao.”)

Namfuata, mama, namfuata, mtu hawezi akashuka jukwaani bila kushukuru, hiyo ni adabu, nimefundishwa hivyo, mimi sijawahi katika maisha yangu kuteremka jukwaani bila kushukuru. Kwa hiyo kwa namna ya pekee, kwa moyo mkunjufu, naomba nimshukuru Mtaalamu Mkuu wa Maabara, ambaye... ambaye hatujamwajiri. Naishukuru mashine. Mashine haijaagizwa. Nawashukuru waliotoa marisau ya chuma, ambao hawapo, kwa sababu hakuna aliyeombwa. Nakishukuru kikosi kazi, ambacho kilikuwa ni mimi na Mkurugenzi na dereva, na dereva alikuwa anasinzia. Ule upembuzi yakinifu tuliunakili kwenye upembuzi wa kisima. Ndiyo maana ukurasa wa nne unazungumzia pampu. Na kwa jumla naushukuru mradi wenyewe, ambao haupo, jamani, haujawahi kuwapo, kuna jina tu na huu utepe, na utepe wenyewe tumeuazima kwa washona nguo za harusi.

(Hakuna anayecheka. Nje, gari linawashwa.)

Hilo ni gari langu. Mama watoto! Nisubirini, nakuja! Mpisheni njia jamani, nipisheni mimi...

(Gari linaondoka. Mheshimiwa amefika nusu ya ngazi za jukwaa. Anarudi kwenye kipaza sauti, anakishika kwa mikono miwili.)

Wapishi. Wapishi wa huko nyuma, mnanisikia? Zimeni moto. Mwageni. Asile mtu, hata mchuzi. Na nyinyi wa kando ya bwawa, wenye watoto, wale ndege wanaookotwa kwa mkono... hawajatulia. Nisameheni. Ni wagonjwa. Msiwape watoto. Shabaha, mikutano yako ya wawindaji ni lini? Nitakuja. Sitahutubia. Nitakuja tu.

(Shabaha ameinamisha kichwa. “Njoo, ndugu yangu,” anasema.)

Na wewe, Daktari, binti yangu. Uliinua mkono nikakuambia ushushe. Naomba uniambie jambo moja, kwa hizo dakika mbili zako, au zaidi, chukua unazotaka. Hawa bata wako. Akishafika pale, mabawa yako chini, hataki kula, ukimwahi ukamtoa ile sumu. Anaruka tena?

(Daktari wa ndege analichukua tenga mezani, analikumbatia kifuani. “Wengine, baba,” anasema. “Wengine wanaruka.”)

Wengine.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nani hapa ana gari?